Tarakimu sitini katika daftari la Mama

Jioni ya tatu tangu nirudi nyumbani Makorora, mjini Tanga, baada ya miaka 13 ya kuishi Bremen, Ujerumani, Mama alinitolea daftari lake la hesabu za kikoba na kunionyesha ukurasa mmoja ulioandikwa tarakimu 60 kwa kalamu ya wino, katika mistari mitatu yenye tarakimu 20 kila mmoja. Ilikuwa Oktoba 2024. Alikuwa amenunua umeme wa Luku, ule wa kulipia kabla, wakati sijafika, na badala ya tokeni moja aliyoizoea, yaani namba ya tarakimu 20 ya kuingiza kwenye mita, alirudishiwa tatu, naye akaamini kwamba ametapeliwa. Hakuziingiza wala hakumwambia mtu. Alizima friji, akawa anawasha taa moja tu ya ukumbini, na uniti zilizobaki akazibana kama mtu anayebana maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Nilimweleza kadiri nilivyoelewa. Kila tokeni hubeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, si kwa mita za Tanzania peke yake bali kwa mita za aina hiyo popote zilipo duniani. Kwa hiyo tokeni mbili za kwanza zilikuwa za kuibadilishia mita ufunguo wake wa siri ili hesabu hiyo ianze upya, na ya tatu ndiyo iliyobeba uniti, mradi ziingizwe kwa mfuatano huo. Tulisimama wawili mbele ya mita, mimi nikisoma na yeye akibonyeza, na ile ya tatu ilipokubaliwa Mama alikaa kwenye kigoda akanyamaza muda mrefu.

Matangazo yalikuwapo, redioni na kwa ujumbe wa simu. Mama hakuyafuata kwa sababu alikuwa ameamua kutouamini ujumbe wowote unaoingia kwenye simu yake, na usiku ule ndipo aliponiambia sababu. Miaka kadhaa kabla, mtu alimpigia kwa namba ngeni, akamwita Mama, akasema simu yake ya zamani imeibwa na hii ndiyo namba mpya, kisha akaomba atumiwe shilingi laki mbili za haraka. Mama alidhani anaongea na kaka yangu. Alituma. Alipogundua hakutuambia hata mmoja wetu, kwa aibu, na mimi niliyekuwa nikimpigia kila Ijumaa sikujua kitu.

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mnaoishi mbali na mnaotuma simu nyumbani kama zawadi. Tunanunua kifaa, tunakifunga vizuri, tunampa msafiri, kisha tunajihesabu kuwa tumetimiza wajibu. Mimi nilileta simu janja ya bei kubwa, na Mama aliikunja ndani ya khanga mpya akaihifadhi sandukuni, huku akiendelea na kitochi chake ambacho betri yake hudumu siku kadhaa. Nilihuzunika mwanzoni. Sasa naona alikuwa na haki, kwa kuwa kitochi anakimudu mwenyewe, ilhali ile simu janja ingemlazimu kumwita mjukuu kwa kila jambo.

Jambo lililonitisha zaidi ni namba ya siri. Niliposhuka Tanga nilistaajabu kuona muuza chapati akipokea malipo kwa lipa namba, wakati Bremen nilikuwa bado natembea na sarafu kwa sababu baadhi ya waoka mikate hawataki kadi. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na nilipoondoka 2011 ilikuwa bado jambo la kuelezana; leo ndiyo benki ya mtaa mzima. Lakini namba ya siri ya Mama ilijulikana na wajukuu wawili, na jirani, na kijana wa uwakala pale kona, ambaye kwa nia njema kabisa humwambia, “Bibi, lete nikutolee.” Simlaumu kijana. Foleni ni ndefu, Mama haoni vizuri maandishi madogo, na heshima inamtaka amsaidie mkubwa wake. Hata hivyo msaada wa namna hiyo humwacha mzee akiwa na akaunti asiyoweza kuilinda.

Tulitumia majuma mawili kujifunza upya, kila siku baada ya Alasiri, kwa miamala midogo ya shilingi elfu moja kutoka kwake kuja kwangu. Tulibadilisha namba ya siri, na safari hii haikuwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote. Mama akazoea kusoma kwa sauti jina la mpokeaji linaloonekana kabla ya kuthibitisha, maana hapo ndipo kosa huzuilika kwa urahisi. Pesa ikishakwenda kwa mtu mwingine, kuirudisha ni kupiga huduma kwa wateja na kuomba Mungu kwamba haijatolewa. Msimfanyie mzazi. Kaeni kando yake, akosee, arudie, na msimnyang'anye simu mkononi hata mkiwa na haraka. Hili limenigharimu subira nyingi kuliko nilivyodhani ninayo, na ningelirudia kesho.

Kisha tulikubaliana swali la nyumbani. Marehemu Baba alikuwa na baiskeli aliyoipa jina, kama walivyo wengi katika mji huu wa baiskeli, na jina hilo halijaandikwa mahali popote wala jirani halijui. Atakayepiga kwa namba ngeni akidai ni mtoto wa nyumba hii, ataulizwa jina la baiskeli. Sauti peke yake haitoshi tena, kwa kuwa siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi kilichorekodiwa. Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” tunauripoti kwa kuutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kuna pia ule wa mganga anayejitambulisha kuwa anatoka Tanga, na huo unaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu matapeli wanalitumia jina la mji wetu kuwaibia watu wa mikoa mingine.

Kwa wanaorudi moja kwa moja, anzeni na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kabla ya yote. Bila hiyo hamtasajili laini kwa alama za vidole, na bila laini mtakuwa wageni hata kwenye kununua umeme. Ndugu atajitolea kuwasajilia kwa jina lake. Mshukuruni, mkatae, kwa sababu pesa itakayokaa humo kisheria ni yake. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama alikuta moja asiyoitambua, tukaenda kuifungisha.

Kuhusu vifaa vyenyewe sina mengi. Hewa ya bahari hapa ina chumvi na unyevu, na tundu la chaji huota kutu mapema kuliko mnavyotarajia, kwa hiyo simu isilale dirishani upande unaopuliza upepo, na fundi aisafishe mara inapoanza kuchagua waya. Friji iwekewe friji gadi, kile kifaa cha kuikinga na umeme usiotulia, kwa maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo mota huungua. Kwa ndugu walio mbali, ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni bora kuliko maandishi kwa mzee asiyeona vizuri. Ile simu janja hatimaye ilitoka sandukuni kwa kazi hiyo moja tu, na Mama huisikiliza barazani akiwa amekaa na shoga zake, sauti ikiwa juu kabisa.

Wiki iliyopita kaka yangu alipiga kutoka Mtwara kwa simu ya rafiki yake, ya kwake ikiwa imeisha chaji. “Shikamoo, Mama.” Mama hakuitikia. Aliuliza jina la baiskeli ya Baba. Kaka, ambaye nilikuwa nimesahau kumweleza mpango wetu, alicheka, akalalamika, akauliza kama Mama anaumwa, na Mama akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile ya upole. Alipolitaja jina ndipo alipojibiwa, “Marahaba, mwanangu. Habari za Mtwara?”