Makato yapo, michango haipo

Leo nimetoka NSSF na taarifa yangu ya michango. Miezi 14, sifuri. Kwenye slipu za mshahara makato yapo kila mwezi, asilimia 10, haijaruka hata mara moja.

Nilizipanga slipu moja moja mezani kwa meneja. Akaniambia, "Dada, vumilia, biashara ngumu." Jamani, ile ni hela yangu! Mwajiri alitakiwa aongeze ya kwake ifike asilimia 20, badala yake hata yangu hakuipeleka.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja wa kufungasha, kabakiza miaka 2 astaafu. Alishika karatasi yake, akakaa chini kwenye maboksi, kimya.

Kesho asubuhi tunaenda chama cha wafanyakazi. Tuko 11, kila mtu na slipu zake.