Kwa Nini Safari Yetu ya Miji ya Kale Itaanzia Lamu

Marafiki zangu wa chuo, ambao sasa wametawanyika Nairobi, Tanga na Morogoro, wamekubaliana nami kwamba tufanye safari fupi ya kutembelea miji ya kale ya pwani ya Kenya, na kwa kuwa mimi ni mkazi wa Lamu, kazi ya kupanga ratiba imeniangukia. Ratiba ya kwanza iliyopendekezwa katika kundi letu la simu ilianzia Mombasa, kwa kuwa ndiko treni na mabasi mengi yanakofikia. Ikapanda Kilifi, Gede na Malindi, na kufikia tamati Lamu ili watu wapumzike ufukweni. Ni ratiba inayoeleweka, na wageni wengi huifuata. Mimi nimeomba igeuzwe: tukutane Lamu, kisha tuteremke kusini hadi Mombasa. Naziandika hapa sababu zangu, kwa ajili yao na kwa ajili ya yeyote anayefikiria safari ya namna hii.

Sababu kubwa ni kwamba magofu hayajielezi. Mgeni anayeingia Gede bila kuwahi kulala katika nyumba ya mawe huona kuta zilizobomoka, visima na vibao vya maelezo. Baada ya muda hurudi langoni akiwa na picha za kima waliomzunguka akila ndizi. Aliyetoka Lamu huona nyumba. Anajua mlango ulipaswa kuwa wapi, mgeni aliketi wapi, na kwa nini chumba kimejengwa chembamba namna ile. Mji unaoishi ndio ufunguo wa mji uliohamwa, na ufunguo hutangulia mlango.

Nitoe mfano ninaouona kila siku. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, imepangwa ili mtu aingie ndani hatua kwa hatua. Nje kuna daka lenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huweza kukaa na wageni wake bila yeyote kuvuka kizingiti. Nyuma ya mlango kuna tekani, mahali palipopindwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha unakuja kiwanda, yaani ua usio na paa, ambacho huingiza mwanga na hewa, na baada yake misana miwili, wa chini na wa juu, yaani vyumba virefu vinavyofuatana, sakafu ya kila kimoja ikiwa imeinuliwa kidogo kuliko ya kilichotangulia. Mwisho kabisa ni ndani, sehemu ya watu wa nyumbani, ambako katika nyumba za wenye uwezo ukuta umejaa safu juu ya safu za zidaka, yaani vidaka au vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa chokaa.

Katika chumba kama hicho nataka wenzangu walale chali mchana, jua likiwa kali nje, na watazame dari. Wataona boriti za mikoko zimelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hilo ni zito, na boriti inayoweza kulibeba haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba nacho hakizidi upana huo, hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani. Tajiri aliweza kukirefusha chumba, kuongeza vingine nyuma yake na kupandisha ghorofa, lakini hakuweza kukipanua. Mikoko yenyewe ipo hapa hapa: zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kwa miaka mingi majahazi yalipakia boriti katika visiwa hivi kuzipeleka Uarabuni, ambako nyumba nazo zilijengwa kwa vipimo vya miti yetu.

Kwa hiyo nimependekeza tulale katika nyumba ya mjini badala ya hoteli ya ufukweni, na tutembee Njia Kuu, ambayo wazee huiita Usita wa Mui, asubuhi mapema, kabla punda wa mizigo hawajawa wengi. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nami naamini unastahili kutembelewa bila haraka. Katika Makumbusho ya Lamu tutaiona siwa ya Pate, yaani baragumu kubwa la heshima, iliyochongwa kwa pembe za ndovu mwishoni mwa karne ya 17 na ambayo ilipigwa kwenye shughuli za watawala. Kwa maoni yangu hakuna kitu kingine katika pwani hii kinachoonyesha kwa uwazi kiasi hicho ustadi wa mafundi wetu. Tutapita kwenye Msikiti wa Pwani, wenye mwaka 1370 kwenye kibla chake, na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Wasio Waislamu watatosheka kuitazama misikiti kwa nje, na sote tutavaa nguo za kujisitiri, kwa sababu tutakuwa tukipita milangoni pa watu wanaoishi humo. Ngome iliyoko mjini ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya Vita vya Shela, na ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984. Nawaomba wenzangu waukumbuke ukweli huo watakapofika ngome ya Mombasa.

Kuna mahali pamoja ambapo ratiba haitaamuliwa nasi. Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko, na mkono huo hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haitafaa Alhamisi. Anayepanga safari kwa kalenda ya ukutani pekee anaweza kujikuta amekwama matopeni akisubiri bahari irudi. Nimewaeleza kwamba tutamuuliza nahodha kwanza, kisha tuyapange mambo mengine ya siku hiyo kuizunguka saa atakayoitaja. Takwa ilikaliwa hadi karne ya 17, na inasimuliwa kwamba maji ya visima vyake yaliingia chumvi, watu wakavuka kwenda Shela. Hadi leo watu wa Shela huvuka kurudi huko kufanya dua. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo si la kawaida, na wenzangu watatakiwa kuiangalia vizuri nguzo hiyo kwa sababu tutaziona nyingine za jamii yake tukiteremka kusini.

Nimeiacha Pate, kisiwa jirani chenye miji ya kale ya Siyu na Shanga, na uamuzi huo umeniuma. Siyu ina ngome iliyojengwa na wenyeji, ambao walimpinga Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kwa muda mrefu. Shanga ina mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Hata hivyo boti za kwenda huko nazo hufuata maji, na anayekwenda Pate kwa haki hulala huko. Katika safari fupi tungeigusa tu na kurudi, nami nisingependa ionwe hivyo.

Kutoka Lamu tutavuka hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi la asubuhi kuelekea Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kupitia Witu na Garsen. Kila mtu awe na kitambulisho mkononi, kwa kuwa kuna vituo vya ukaguzi njiani, na wenzetu wa Tanzania wawe na hati zao za kusafiria mahali pa karibu, zisiwe chini ya mizigo. Basi halitasimama Witu kwa ajili yetu, lakini nitawaonyesha dirishani mahali ambapo Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliweka makao yake baada ya kuondoka Pate, na ambapo Wajerumani walidai himaya kuanzia mwaka 1885 hadi 1890.

Malindi wengi hupapitia haraka wakiiendea bahari. Mimi nataka tuanze na makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma, ambayo yalikuwepo kabla Wareno hawajafika, na ndipo twende kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Utaratibu huu una maana yake. Mtu akianza na nguzo ya Mreno, mji wote huonekana kama ulianza mwaka 1498. Akianza na makaburi, anaelewa kwamba nahodha huyo alikaribishwa katika mji wenye mtawala, wenye biashara na wenye marubani wanaoijua njia ya kwenda India, hata akapewa mmoja wao. Miaka 83 kabla ya hapo, mwaka 1415, Malindi ilikuwa imepeleka twiga China kama zawadi kwa mfalme wa huko. Karibu na nguzo hiyo kuna kanisa dogo la Wareno ambalo mmisionari Francis Xavier alipitia mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India.

Gede iko takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, nami nimeitengea asubuhi nzima. Mji huo ulistawi hasa kuanzia karne ya 14 hadi ya 16, kisha ukahamwa katika karne ya 17 na msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua kati ya mwaka 1948 na 1958, na nyumba zilizofukuliwa zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya makasi, nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya taa ya chuma. Kuna kaburi lenye mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399, ambalo huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo yaliyo jirani. Mwaka 2024 Gede nayo iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo ndipo ninapotumaini kwamba siku zetu za Lamu zitalipa. Paa zote za Gede zimeanguka, boriti zimeoza, na anayeingia huona anga. Lakini vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na anayezijua nyumba za Mkomani hahitaji kibao kumwambia ni kitu gani kilichokuwa juu ya kuta zile. Atavitambua vidaka vya taa, atautambua ua, atajua chumba cha nyuma kabisa kilikuwa cha nani. Nimewatahadharisha kuhusu jambo moja: nyumba nyingi za mawe zilizosimama Lamu leo ni za karne ya 18, kwa hiyo kuna mamia ya miaka kati yake na hizi za Gede, na mtu asiseme kwamba ni nyumba ile ile. Kilichodumu ni namna ya kujenga, na namna ya watu kuishi na wageni wao.

Kilifi tutasimama Mnarani kwa muda mfupi, tuone kaburi la nguzo na mandhari ya mkono wa bahari. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, lina misikiti iliyoachwa kando kabisa ya ufuo, na nimeliweka kama jambo la hiari, kwa kuwa baadhi yetu watakuwa wamechoka na magofu ifikapo hapo. Mimi mwenyewe ningependa tuingie.

Kumalizia Mombasa kunafuata pia mwendo wa historia. Wareno walikaa kwanza Malindi kwa sababu mtawala wake aliwapokea, huku Mombasa ikiwapinga na kuchomwa moto zaidi ya mara moja. Walipoishinda, wakahamishia makao yao huko na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Tukitoka Malindi tutakuwa tumeifuata njia hiyo hiyo. Ngome hiyo ilizingirwa kuanzia mwaka 1696 hadi ilipotekwa na Waomani mwishoni mwa mwaka 1698, na ndani yake kuna vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Kireno iliyozama mbele yake mwaka 1697. Nayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1958. Baada ya ngome tutatembea Mji wa Kale hadi Msikiti wa Mandhry, kisha kila mmoja atakuwa karibu na treni au basi lake, jambo ambalo ratiba ya kwanza haikulipata: ingewaacha watu wa Tanga na Morogoro kisiwani Lamu, mbali kabisa na kwao.

Sasa tumebakiwa na tarehe. Nimeikataa miezi ya Aprili hadi Juni kwa sababu ya mvua, na kwa sababu baadhi ya nyumba za wageni za Lamu na Shela hufungwa kipindi hicho. Julai upepo wa kusi huifanya bahari kuwa na mawimbi, na wenzangu wawili wanaogopa mashua. Mwezi wa Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni na vyumba havipatikani kwa urahisi. Anayekuja wakati huo aje kwa ajili ya Maulidi yenyewe, akae na watu na asiwe na basi la kuwahi. Napendekeza Januari, wakati wa kaskazi, kabla ya Ramadhani kuingia. Ninachosubiri ni majibu ya wenzangu na mchango wa kwanza, ili nikatafute nyumba Mkomani, kwa maana nyumba zenye vyumba vya kutosha kundi zima ni chache na huwahiwa mapema.