Nenda siku mvua inanyesha

Tangu saa nne nagaragara kitandani, usingizi hauji. Maneno ya yule mzee wa Sengerema, fundi wa kupaua, yananirudia, na yangu zaidi kuliko yake.

Fundi wa kwanza alituumiza. Aliondoka na malipo ya awali, akatuachia boma letu la Buswelu, hapa Mwanza, likiwa wazi, na risiti imeandikwa geji 28 wakati mabati yenyewe ni geji 32 (geji ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi), membamba hadi ukiyabonyeza kwa dole gumba yanaitikia. Toka siku hiyo kila fundi akifungua mdomo mimi namhesabia uongo.

Basi Jumamosi mzee akaja, kijana wake nyuma amebeba ngazi. Hakuanza na bei. Alipanda, akapitisha kiganja juu ya linta, zege la juu ya kuta, kuanzia kona ya jikoni mpaka sebuleni, polepole, kama anampapasa mtoto mwenye homa. Kisha akaniuliza kutoka huko juu, akiniita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, kenchi ulipanga zifungwe na nini? Hapa sioni hata waya mmoja uliochomoza."

Nikasema sijui. (Kenchi ni zile fremu za mbao zinazobeba paa.) Akanieleza kwamba upepo wa ziwani ukishaingia chini ya paa unalinyanyua, na kama mbao hazikufungwa kwenye ukuta, zinaondoka pamoja na mabati. Akanyoosha mkono kuonyesha ziwa liko wapi. Bati la kwanza, akasema, atalipiga upande ule upepo unakoelekea, kisha atarudi nyuma kuufuata ulikotoka, kila bati likilalia lililotangulia, ili upepo usipate mdomo wa kuingilia.

Hapo ndipo ningesema asante. Mimi nikasema hivi, mbele ya mwanawe:

"Mzee wangu, hata yule wa kwanza alijua kuongea. Nitajuaje kama wewe hutakimbia na hela yangu?"

Akanyamaza. Akaachia tepu ikarudi ndani ya kasha lake.

"Usiniamini, mayu. Kuna nyumba Igoma niliipaua mwaka 2011. Nenda siku mvua inanyesha, ukae sebuleni kwao, usikilize."

Akashuka. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta ngazi ambayo haikuwa na vumbi. Baba yake ameitwa mwizi, na aliyemwita ni mama anayelingana na mama yake.

Wiki hii dada amejifungua salama hospitali ya Sekou Toure na baba watoto amepata barua ya kuhamia Geita, lakini mimi nimeshinda na ile ngazi tu.

Jana alfajiri radi zikaanza upande wa ziwa. Nikawaacha mapacha kwa jirani, nikapanda daladala mpaka Igoma, nimelowa miguu yote miwili. Mama mwenye nyumba hakushangaa kuniona. "Umetumwa na fundi? Karibu ndani, mwanangu." Kumbe si mimi wa kwanza.

Nyumba haina dari, kwa hiyo mvua ikipiga bati hamsikilizani. Nikakaa kwenye kochi nikitazama juu. Kwenye makutano ya ukuta na paa hakuna doa. Mvua ilipopungua nikatoka kuangalia misumari: yote imepigwa kwenye mgongo wa bati, kila mmoja na mpira wake. Mama akaniambia hela ilimwishia katikati ya kazi, na mzee akapiga kofia, bati la kufunika kilele cha paa, hivyohivyo ili nyumba isilowe, akalipwa baada ya mpunga kuvunwa.

Nilimpigia nikiwa bado barazani kwao.

"Shikamoo mzee wangu. Nimesikiliza."

"Marahaba. Imevuja?"

"Haijavuja. Baba, nisamehe kwa maneno yale."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kusamehe siku nyingi. Jumatatu tunaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Atachukua sehemu kenchi zikisimama, sehemu bati likikamilika, na ya mwisho, kasema mwenyewe, mvua kubwa ya kwanza ikishapita. Mabati nitanunua mimi, naye atakuwepo kuyakagua kabla sijalipa. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu tuchimbe msingi. Kijana wake sijamwomba radhi bado. Huyo nitamwomba ana kwa ana.

Ila mama yangu hapokei simu tangu jana asubuhi. Jirani yake wa Ukerewe ananiambia nisijali, amemwona akianika dagaa. Dagaa gani wanaanikwa kwenye mvua hii?