Siku moja na jeki ya milimita nane

Saa 11:20 alfajiri

Nimefungua jicho moja nikakuta simu inawaka. Mashine ya maabara ikisimama yenyewe hututumia ujumbe, na huu ulikuwa umekaa pale tangu saa tatu usiku: sampuli namba 4, imesimama, mzunguko wa 3,112,406. Ilitakiwa ifike 5,000,000.

Usingizi ukaishia hapo.

Saa 11:45

Huku bado giza, Tanga ni saa saba kasorobo mchana. Ba'mdogo yuko gereji, bila shaka anasubiri wali. Nikampigia huku napiga pasi shati.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka, mwanangu?"

"Jeki yangu imeshindwa."

Ndivyo nilivyomweleza kazi yangu tangu mwanzo: natengeneza jeki ndogo. Diski iliyo kati ya pingili mbili za kiuno ikichakaa, pingili hushukiana na mishipa ya fahamu ikabanwa. Daktari wa upasuaji huitoa diski hiyo, akaingiza kizimba cha titani kikiwa kimejikunja, kimo milimita 8, kisha akazungusha skrubu kikapanda hadi 13. Kwa kuwa kinaingia kikiwa kifupi, hakihitaji kugongwa sana kwa nyundo kama vile visivyopanuka.

"Imeshindwa kupandisha?"

"Kupandisha inapandisha. Imeshindwa kukaa."

Akacheka sana. "Jeki ya kukaa umeiona wapi? Mimi lori likishapanda naweka gogo. Jeki ni ya kunyanyulia tu." Mteja akamwita, simu ikakatika.

Saa 1:30 asubuhi

Dakika nne nzima nyuma ya kigari cha farasi cha Waamish, Wakristo wasioendesha magari, hakuna pa kupitia. Hapa ni Warsaw, jimbo la Indiana, Marekani. Watu hawatimii 20,000, lakini Revra DePuy alianzia hapa mwaka 1895, akitengeneza mabanzi ya kufungia mifupa iliyovunjika, na tangu hapo viungo bandia vimekuwa kwao kama mkonge ulivyokuwa kwetu. Muulize mtu yeyote kwenye foleni ya kahawa: ama yeye, ama shangazi yake, amewahi kung'arisha nyonga ya chuma.

Saa 2:15

Kabla sijagusa kitu napiga picha. Hili nilijifunza kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua sampuli kwa pupa, kipande chenye ushahidi kikaingia kwenye tundu la sinki.

Sampuli imo ndani ya maji ya chumvi yenye nyuzijoto 37, joto la mwili. Wiki iliyopita maji yalikuwa safi, leo yana wingu la kijivu. Hiyo ni titani inasagana na titani. Nimeyakinga kwenye chupa yapimwe, maana ndani ya mgonjwa unga huo hauna chupa ya kuingia.

Mashine hukandamiza mara 5 kwa sekunde. Piga hesabu: mizunguko milioni tano, ambayo ndiyo kipimo cha kiwango cha kimataifa ASTM F2077 kwa vifaa vya aina hii, ni siku kumi na moja na nusu, usiku na mchana. Sisi tumekufa siku ya nane.

Chini ya hadubini hakukuwa na fumbo. Shingo ya skrubu imekatika. Chuma kilichokatika kwa kuchoka kina maandishi yake: mistari myembamba iliyopinda, kama ile inayobaki mchangani maji yakipwa. Ukiifuata kinyumenyume inakupeleka mahali ufa ulipozaliwa. Ya leo yote imenipeleka kwenye kona moja ya mfereji wa shingo, kona kali, iliyoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 0.1 tu. Nikafungua mchoro kuona nani aliyeandika 0.1.

Ni mimi. Na tarehe iko pale.

Saa 4:30

Kikao. Nimeonyesha picha, nikasema kosa ni langu, tukasonga mbele. Kijana mgeni kazini akauliza kama mzigo tunaoweka si wa kupita kiasi. Swali zuri. Nikamwambia kuhusu kipimo cha Wilke na wenzake kule Ulm, Ujerumani, kilichochapishwa mwaka 1999: waliweka kihisio ndani ya diski ya mtu aliye hai. Akisimama wima, shinikizo ni megapaskali 0.5. Akinyanyua kreti ya kilo 20 mgongo ukiwa umepinda, 2.3. Zaidi ya mara nne. Mimi nikisoma namba hiyo huwa nawaona akina mama wa kwetu na ndoo zao, wala hakuna anayewaambia wapinde magoti.

Kisha tukaja kwenye shida yenyewe, maana kona kali naweza kuirekebisha kabla ya chai. Swali ni kwa nini shingo inabeba mzigo wote ule.

Kizimba changu kina kabari mbili zinazosukumwa na skrubu moja. Mteremko wa nyuzi 30 unapandisha haraka, kwa safari fupi. Lakini kila mtu anapoinama, uzito unataka kuzirudisha kabari zilikotoka, na mlinzi ni skrubu peke yake. Ukilaza mteremko hadi nyuzi 20, msuguano unambebea mlinzi sehemu kubwa. Ila sasa, ili kila bamba, la juu na la chini, lisogee milimita 2.5 zile zile, kabari lazima isafiri karibu milimita 7 badala ya 4 na kidogo. Kizimba chote kina urefu wa milimita 28. Safari hiyo utaikata wapi? Kwenye dirisha la katikati, hakuna kwingine.

Na dirisha hilo ndilo gogo la ba'mdogo. Humo daktari hujaza vipande vya mfupa, na miezi ikipita pingili mbili huungana kupitia humo. Zikishaungana, titani haina kazi tena. Zisipoungana, hakuna skrubu duniani itakayokandamizwa kila siku isichoke. Kwa hiyo kila milimita ninayoipa jeki, naipora gogo.

Mwenzangu mmoja akapendekeza skrubu nene. Huyo hupendekeza skrubu nene hata kwenye sherehe za kuzaliwa. Skrubu nene nayo inakula dirisha.

Saa 6

Ugali wa jana, maharage. Nimekula nimesimama.

Saa 7:30 mchana

Simu ya video na daktari wa upasuaji anayetushauri. Nilitaka tuongee nyuzi, yeye akataka tuongee mkono wake. "Nikikaza skrubu nasikia uzito," akasema. "Lakini mkono haujui kama kizimba kinapanda, au kinazama kwenye mfupa laini wa bibi wa miaka 75."

Nikanyamaza. Muda wote huu nahangaika kisishuke, na yeye anaogopa kinavyopanda! Ana haki. Jeki yenye nguvu juu ya tope huchimba shimo. Tumekubaliana mambo mawili: mabamba yawe mapana zaidi pembezoni, ambako mfupa wa pingili ni mgumu, na bisibisi iteleze yenyewe nguvu ikifika kikomo. Kikomo gani? Hapo tutakandamiza vizimba kwenye vitofali vya povu gumu linaloiga mfupa hadi vizame, ndipo tujue.

Saa 9 hadi 11

Kompyuta. Mteremko nyuzi 24, safari milimita 5.6, kona ya shingo 0.4. Dirisha limepungua, lakini si kwa aibu. Kisha fomu: kwa nini umebadilisha, nani ameidhinisha, vipimo gani virudiwe. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa vya tiba, hawasomi moyo wako, wanasoma faili.

Saa 11:10 jioni

Vyuma vipya vitachukua wiki. Nimefunga sampuli namba 5, ya muundo ule ule wa zamani, tujue kama ya 4 ilikuwa bahati mbaya au ndiyo tabia yake. Nimesimama mbele ya kaunta mpaka 3,000. Dakika kumi. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Saa 4 usiku

Ba'mdogo ameamka kwa sala ya alfajiri, ametuma picha: Fuso limepanda, chini yake gogo jeusi la mwembe, limeng'aa kwa grisi. "Hili lina miaka 19," ameandika. "Waulize kama wanalihitaji."

Nimefungua ukurasa wa maabara. 87,214. Bado inagonga.