Pingili ya katikati

Skrubu ya miwani inayolegea kila wiki hulaumiwa bure. Mtu huikaza, ikatulia siku nne, mkono wa miwani ukaanza kuning'inia tena, naye akaikaza kwa nguvu zaidi. Leo naandika juu ya kinachoilegeza, kwa sababu dawa yake haiko kwenye nguvu ya bisibisi.

Itazame bawaba ya kawaida kwa lenzi ya kukuzia. Utaona pingili tatu zimepandana kama za muwa: mbili za nje ni za upande mmoja, ya katikati ni ya upande wa pili. Kichwa cha skrubu hukalia pingili ya juu, na hesi, yaani mifuo ya mzunguko inayoishika skrubu, imechongwa ndani ya pingili ya chini peke yake. Tundu la katikati ni laini, halina hesi. Skrubu basi ni mhimili tu. Tundu likiwa safi, pingili ya katikati huteleza kuizunguka skrubu, nayo skrubu haijui kama mkono umekunjwa. Likijaa jasho lililokauka, mafuta ya ngozi na kutu ile ya kijani, pingili huing'ang'ania skrubu na kuzunguka nayo. Ukikunja inakwenda huku, ukikunjua inakwenda kule. Lakini upande wa kukaza kichwa kinagota, na upande wa kulegea hakuna kinachoizuia. Ndivyo inavyorudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikaanguka.

Anayekaza kwa nguvu anazidisha ugonjwa huohuo, kwa sababu pingili za nje hubana ile ya katikati na msuguano ukaongezeka. Tena hesi yenyewe ni chache mno. Skrubu iliyozoeleka zaidi ina kipenyo cha milimita 1.4, na kila mzunguko wa hesi yake ni milimita 0.3. Pingili ya chini yenye unene wa milimita 1.2 ina mizunguko minne tu ya kushika. Bisibisi likiongezwa nusu mzunguko baada ya kichwa kugota, mizunguko hiyo ndiyo inayolika.

Kwa hiyo fungua, usikaze. Tandika kitambaa cheupe, na usitegemee sumaku: skrubu nyingi za miwani hazishikwi nayo. Ncha ya bisibisi iwe na upana wa milimita 1.2 hadi 1.5 na ijaze mfuo wa kichwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ncha nyembamba ndiyo inayochubua vichwa. Bawaba iegemee ukingo wa meza, isishikwe kiganjani, maana bisibisi likiteleza litaishia kwenye nyama au kwenye lenzi.

Skrubu ikigoma, tone la mafuta mepesi ya cherehani liachwe usiku kucha. Asubuhi isukume kwanza kidogo upande wa kukaza, kutu ivunjike, ndipo uirudishe. Kuipasha kichwa kwa chuma cha kulehemu kwa risasi hufaa kwenye fremu ya chuma, lenzi zikiwa zimetolewa. Kwenye fremu ya plastiki usijaribu: joto hushuka hadi kwenye mzizi wa bawaba, plastiki ikalainika, bawaba ikapoteza makazi yake.

Usafi ndio kazi yenyewe. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini kwa nyuso za pingili, kisha kijiti cha meno kilichochongwa kikazungushwa ndani ya kila tundu mpaka kitoke bila weusi. Kausha kabisa. Skrubu ikiingia kwa vidole hadi kwenye hesi bila kukwama, tundu la katikati limepona.

Kama unatia gundi ya kuzuia hesi isilegee, iwe ya nguvu ya kati, tena chembe tu ya ncha ya sindano, kwenye mizunguko ya mwisho. Ikipanda hadi pingili ya katikati umerudi ulikotoka, na ikigusa lenzi ya polikaboneti inaweza kuipasua. Gundi ya papo hapo siipendi kabisa: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi. Rangi ya kucha ni ya fremu za chuma, juu ya kichwa tu, kwa kuwa kiyeyushi chake hula asetati, plastiki ya fremu nyingi. Mafuta na gundi havikai pamoja. Mafuta yasubiri gundi ikauke, na yawe robo ya tone kwenye mwanya kati ya pingili.

Hesi ikiwa imeshalika, hakuna gundi itakayoirudisha. Unaweza kuitoboa kwa keekee ya milimita 1.25 na kuchonga hesi mpya ya skrubu ya milimita 1.6, huku matundu mawili ya juu yakipanuliwa ili skrubu mpya ipite, ikiwa kuta za pingili bado ni nene. Zikiwa nyembamba, naona heri skrubu ndefu ipite moja kwa moja na kufungwa nati chini, kisha mkia ukatwe na kusuguliwa kwa tupa.

Bawaba ya springi ina shida yake: springi huivuta pingili ndani ya mkono, matundu hayalingani. Ivute nje kwa waya mgumu wenye kulabu, ingiza sindano kutoka chini ishike mahali, kisha skrubu ishuke kutoka juu ikiisukuma sindano itoke. Skrubu zenye mkia mrefu uliochongoka hurahisisha: mkia hutangulia, na ukishakaza unakatwa.

Kaza mpaka kichwa kiguse, simama. Mkono ubaki pale unapouacha, lakini usogee kwa kidole kimoja. Kisha igeuze miwani juu chini mezani, mikono ikiwa wazi. Ncha mojawapo ikielea, usirudi kwenye skrubu, maana hapo bawaba imepinda, nayo hunyooshwa kwa koleo yenye midomo ya plastiki, kidogo, ukipima kila mara.