Siku moja maishani mwangu: spika za nyuma kwenye Vitz ya mzee, Ilala

Saa 12:00 asubuhi

Nimesimama kwenye daladala la Segerea kwenda Kariakoo, begi la vifaa katikati ya miguu, kichwani naipanga kazi ya leo. Ni moja tu: Toyota Vitz ya umbo la kwanza, lile lililotoka Japani mwaka 1999, yenye spika mbili za mbele na milango ya nyuma mitupu. Mwenye gari ni mzee mstaafu wa Ilala. Ana shilingi 120,000 za kila kitu, yaani spika, waya na ufundi, na hana nyingine ya kuongeza. Hela hiyo inatosha, mradi ujue iende wapi. Watu wengi huimaliza yote dukani kwenye boksi lenye maandishi makubwa, halafu spika zinafungwa kwa waya mwembamba na skrubu mbili, na baada ya mwezi mlango unalia kuliko muziki.

Saa 1:20 asubuhi

Nashuka Ilala Boma. Chapati mbili, maharage na chai ya rangi kwa mama ntilie. Dogo anayejifunza kazi kwangu ameshafagia banda na kutandika turubai.

Saa 2:00 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lenyewe ndilo hili."

Kila asubuhi anawapeleka wajukuu shule. Wao nyuma hawasikii vizuri, wanamwambia babu ongeza, naye akiongeza spika za mbele zinampiga masikioni. Mzee ni mtu wa dansi. Ni wa Msondo Ngoma tangu ujana wake, na kwa watu wa rika lake kuchagua kati ya bendi za Msondo na Sikinde halikuwa jambo dogo. Anataka wajukuu wayasikie yale magitaa.

Alikuja na wazo lake: tukate ubao, tuuweke juu ya buti, tufunge spika mbili kubwa za umbo la yai, zile za inchi 6 kwa 9. Mjini hapa magari mengi yamefungwa hivyo. Nikamwomba akae kiti cha nyuma, kisha nikamwonyesha kichwa chake kilipo na ubao utakapokuwa. Ubao wenye spika mbili za sumaku nzito ni kilo kadhaa ambazo hazijafungwa popote. Akikanyaga breki ya ghafla pale Buguruni, ule mzigo unakuja mbele, na njiani kuna shingo za watoto. Isitoshe, kwenye gari la namna hii rafu ya nyuma huinuka pamoja na mlango wa buti, kwa hiyo waya utakunjwa kila mlango ukifunguliwa mpaka ukatike.

"Basi milangoni," akasema.

Saa 2:40 asubuhi

Kitu cha kwanza ni waya hasi wa betri, kwa spana namba 10. Nikishautoa nasubiri. Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Dogo nimemfundisha kwamba soketi ya njano popote ndani ya gari haiguswi.

Halafu kava la mlango wa nyuma. Vioo vya nyuma ni vya kuzungusha kwa mkono, na ule mkono umeshikwa na klipu ya chuma iliyojificha nyuma yake. Haihitaji kifaa maalumu. Unapitisha kitambaa kati ya mkono na kava, unakivuta kushoto na kulia mpaka nyuzi zinaswe kwenye klipu, inachomoka. Weka kiganja kingine juu yake maana huruka. Baada ya hapo ni skrubu za kishikio, kisha pini za plastiki kuzunguka ukingo. Kwenye gari la umri huu plastiki imekauka, kwa hiyo vuta karibu na pini yenyewe, usivute kona.

Ndani, tundu la spika lipo tayari kwenye bati, limefunikwa na nailoni. Ile nailoni si takataka. Maji ya mvua hupita kwenye kioo na kushuka ndani ya mlango, na ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye kava na zulia. Naibandua taratibu upande mmoja tu, nitairudisha.

Nashusha kioo hadi kinapoishia, napima kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Kuna milimita 48. Kipimo hiki ndicho kinachoamua ununue nini, na lazima kipatikane kabla ya kwenda dukani. Spika yenye sumaku ndefu kuliko hapo itagonga kioo siku ya kwanza.

Saa 3:30 asubuhi

Nachomoa redio. Ya kiwandani iliondolewa zamani, kama kwenye magari mengi ya Japani hapa mjini, kwa sababu FM yao ilikuwa ya 76 hadi 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Hii aliyonayo ni ya kununua, ina mahali pa kuchomeka flashi, na nyuma yake nakuta nilichokuwa nakitarajia, nyaya nne: kijani na kijani chenye mstari mweusi, zambarau na zambarau yenye mstari mweusi, zote zimeviringishwa kwa tepu, hazijawahi kutumika. Kijani ni spika ya nyuma kushoto, zambarau ni ya nyuma kulia. Redio za kununua karibu zote hufuata rangi hizo.

Hapa ndipo njia ya mkato inapoharibu redio za watu. Fundi mwenye haraka huunganisha spika za nyuma juu ya nyaya za mbele, palepale mlangoni. Spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba, redio inaona omu 2, na nyingi zimetengenezwa kubeba 4. Inapata moto, inazimazima, mwisho sauti inakata. Nyingine ni kuchukua waya hasi wa spika na kuufunga kwenye bodi kana kwamba ni eathi. Redio ya kisasa inasukuma sauti kwenye nyaya zote mbili, hasi na chanya, kwa hiyo hasi ya spika haiguswi na bati hata kidogo.

Ikiwa Toyota yako ya zamani ina nyaya za nyuma tangu kiwandani, rangi zake ni nyingine: kulia nyekundu ni chanya na nyeupe hasi, kushoto nyeusi ni chanya na njano ni hasi. Ile nyeusi imewadanganya wengi, wakidhani ni hasi.

Saa 4:15 asubuhi

Bodaboda hadi Gerezani. Naulizia spika za inchi 5, zisizozidi milimita 45 kwenda chini. Muuzaji ananionyesha boksi limeandikwa wati 600. Nalirudisha kwa heshima. Redio ya mzee imeandikwa wati 50 mara 4, lakini huo ni mlipuko wa muda mfupi. Kwa kazi ya kudumu inatoa kama wati 20 kwa kila spika. Ninachotafuta kwenye boksi ni wati za kudumu, na ile namba ya desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umeme uleule. Spika ya desibeli 92 kwa wati 10 inasikika sawa na ya 89 iliyopewa wati 20. Kwa redio isiyo na amplifaya, hapo ndipo penye faida.

Kingine naangalia ukingo unaozunguka koni. Wa sponji hapa Dar, kwa joto na hewa ya chumvi, hunyauka na kumomonyoka. Nachukua wa mpira, koni ya plastiki. Shilingi 50,000 jozi.

Waya nachukua mita 10, wa milimita 1.5 za mraba, na muuzaji ananiruhusu kukwangua ncha kwa wembe. Wa kwanza ulikuwa mweupe ndani, alumini iliyopakwa shaba. Wa pili shaba tupu. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na kufumua zulia mara ya pili.

Saa 5:30 asubuhi

Ringi mbili za marine bodi, ubao wa kuhimili maji, zimekatwa kwa msumeno wa mkono na kupulizwa rangi pande zote, hasa kwenye ukingo ulikokatwa, maana maji huingilia huko. Zinaanikwa juani. Kati ya ringi na bati naweka mpira laini niliokata kwenye mkeka wa mazoezi uliochakaa. Spika ikifungwa bila kuzibwa pembeni, hewa ya mbele ya koni na ya nyuma zinakutana na kufutana, na besi inapotea hata kama spika ni ya bei mbaya.

Mzee aliuliza kuhusu ile tepu ya lami ya kuzibia mapaa, kaambiwa inatuliza bati. Kwenye gari linaloegeshwa juani Dar inalainika, inachuruzika na kunuka. Niliweka vipande vidogo vya tepu ya butili, aina ya mpira unaonata, katikati ya bati la nje, vya ukubwa wa kiganja, vikatosha kulinyamazisha.

Saa 6:40 mchana

Adhana ya Adhuhuri. Mzee anakwenda msikitini, sisi tunavuta waya, na hii ndiyo kazi ya siku nzima.

Kutoka kwenye redio unashuka chini ya zulia, unafuata kizingiti cha mlango wa mbele, chini ya ile plastiki. Kama gari lina waya mkubwa wa umeme wa amplifaya, pita upande wa pili. Hapa haupo. Kwenye nguzo ya katikati ndipo pagumu, kwani waya lazima uingie kwenye mpira unaounganisha nguzo na mlango, pamoja na nyaya za loki. Kutoboa tundu jipya kwenye bati na kupitisha waya wazi ni kazi ya dakika mbili, lakini bati lina meno, na mlango unafunguliwa mara nyingi kwa siku. Tulichukua waya wa bindingi, tukaukunja ncha, tukaupaka sabuni ya maji, dogo akisukuma huku, mimi nikipokea kule. Mlango wa kulia ulikubali haraka. Wa kushoto ulitula karibu saa nzima. Ulipotokeza dogo alipiga makofi, na nilimwelewa.

Saa 8:30 mchana

Wali, maharage, mchicha. Maji ya baridi.

Saa 9:00 alasiri

Maungio yote yamechomewa kwa risasi na kuvikwa mpira wa joto, ule unaosinyaa ukipashwa moto, hakuna kusokota na tepu. Kabla ya kufunga, dogo anagusisha betri ndogo ya 1.5 kwenye ncha za waya kule kwenye redio. Chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Spika zote nne zinatakiwa zitoke nje. Moja ikiingia ndani, nyaya zake zimegeuzwa, na zitakuwa zinavutana badala ya kusaidiana.

Saa 10:10 jioni

Betri inarudishwa. Mzee anatoa flashi yake. Nachagua rekodi ya zamani, kwa sababu nyingi za enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam ni za mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, na mono haifichi kitu: mwimbaji anatakiwa asimame katikati ya gari, asitawanyike. Alisimama. Nikapunguza besi za chini ya hezi 100 kwa spika zote ili hizi ndogo zisihangaike, nikavuta sauti kidogo kuelekea mbele, ili nyuma iwe ya kujaza tu. Mzee alihamia kiti cha nyuma. Solo ilipoingia akainua kidole, "Subiri, usizime."

Saa 11:00 jioni

Nailoni imebandikwa tena, kava limerudi, mkono wa kioo umebonyezwa. Nakizungusha kioo juu na chini kwenye milango yote miwili, nasikiliza kama kuna kinachogusa. Hakuna.

Hesabu: spika 50,000, waya 12,000, mbao, skrubu, tepu na rangi 13,000, bodaboda 4,000, ufundi 40,000. Elfu moja iliyobaki mzee alimpa dogo ya soda. Akaniuliza lini tuweke amplifaya. Nikamwambia asiweke, kwa gari hili na wajukuu hawa haihitaji.

Saa 1:15 usiku

Kwenye daladala, nimepata kiti. Naandika kwenye daftari: Vitz ya 1999, mlango wa nyuma, kina milimita 48 kioo kikiwa chini, ringi moja, mpira wa kushoto mgumu, anza nao asubuhi kukiwa na baridi.