Mwaloni bila intaneti

Intaneti ikizimika kesho na isirudi tena, wa kwanza kuumia katika familia yetu atakuwa shangazi, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mimi nashinda na simu mkononi tangu alfajiri. Yeye hata kuandika ujumbe hapendi. Hutuma sauti tu, nyingine ndefu kweli kweli. Lakini mimi nitakosa habari na maongezi. Yeye atakosa bei, na bei ndiyo ada ya shule, kodi ya stoo na mtaji wa mzigo unaofuata.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima, nikaona niliandike.

Kwa asiyelijua soko letu: dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mzigo haufiki sokoni kwa kiasi kilekile kila siku. Giza likikolea maboti yanatoka visiwani yamejaa, bei inashuka. Mbalamwezi ikija mzigo unakuwa haba, bei inapanda. Mama aliyeko Ukerewe au Kome, ambaye ameanika dagaa wake wakakauka vizuri, alikuwa anapakia bila kujua Kirumba kumeamkaje. Akifika, dalali anamwambia, "Mama, soko limelala leo." Angefanya nini? Arudi na magunia kisiwani, alipe nauli mara mbili? Alikuwa anauza kwa bei aliyotajiwa, anaondoka na kinyongo, na mwezi unaofuata mambo ni yaleyale.

Sasa hivi anauliza kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapakia. Wanajibu watatu wanne, kila mmoja anataja bei ya ndoo aliyoiona kwa macho yake asubuhi hiyo. Dalali bado yupo, na sitaki kumwonea, maana kazi anayo: anawajua wateja, anasimamia upakiaji, anajua lori lipi linaelekea wapi. Ila siri ya bei hana tena. Nikiulizwa intaneti imetuletea nini huku ziwani, nitataja hilo kwanza, kabla ya elimu, kabla ya burudani, kabla ya mambo yote yanayosemwa kwenye semina.

Halafu kuna suala la mchanga. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi, wanang'aa. Waliotandazwa chini huja na mchanga, na mnunuzi wa mbali hawataki. Mteja wa shangazi yuko Tunduma, mwingine Kahama, wengine Kongo. Hawawezi kupanda basi kila mara waje waonje mzigo. Basi shangazi huteka dagaa kwa viganja viwili kutoka katikati ya gunia (si juu, kwa sababu juu kila mtu huweka wazuri), anawamwaga kwenye sinia la bati, anawatikisa, kisha anawaondoa taratibu kwa mkono. Mimi nashika simu. "Sogeza, mwanangu, aone chini ya sinia." Sinia likiwa safi, picha imejisemea yenyewe. Mteja anatuma hela ya kutangulizia, magunia yanashonwa, lori linaondoka jioni.

Watu wengi husema bila intaneti hata hela za simu zingekufa. Kwetu sisi wa kubonyeza nyota na reli, menyu ile haihitaji bando. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu tulizokuwa nazo huku zilikuwa za tochi, na ilifanya kazi. Kwa hiyo hela ingeendelea kutembea. Kisichotembea kingekuwa ushahidi wa kile ambacho hela inanunua. Hapo ndipo biashara ya shangazi ingekwama, na nimeiona ikikwama.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Sehemu kubwa ya intaneti yetu hupita baharini, inatua Dar es Salaam, ndipo inasafiri nchi kavu mpaka huku kwetu. Mtu aliyesimama Kirumba, maji yake ni ya ziwa na bahari hajawahi kuiona, akawa hawezi kutuma video. Maandishi yalipita kwa kusuasua, picha zikazunguka tu. Shangazi akampigia mteja wa Tunduma simu ya kawaida, nikiwa pembeni.

"Mama, wana mchanga?"

"Hawana, baba. Wa chanja hawa."

"Sasa nitajuaje?"

Shangazi alinyamaza kidogo, akamwambia, "Utaniamini tu." Yule baba alisema angesubiri mtandao urudi. Hakuwa na ubaya. Hela ni yake. Lakini kufahamiana kwote kule hakukutosha kununulia gunia.

Mara ya pili ilikuwa nzito zaidi na sitaizungumzia kwa urefu. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Dagaa hata sikuwakumbuka. Nilichotaka ni kujua ndugu zangu waliotawanyika mikoani wako wazima, na nilipompata mmoja kwenye simu nilimwomba naye awapigie wengine. Uvumi ulienea mlango kwa mlango, na hapakuwa na mahali pa kuupima.

Mama yangu aliniambia kwamba ndivyo walivyoishi mwaka 1996. Meli ya abiria MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei mwaka ule, ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Aliyekuwa akimngoja mgeni hapa mjini hakuwa na namna ya kujua kama alipanda au alibadili mawazo dakika ya mwisho. Watu walikaa na redio, wakaenda bandarini, wakarudi, wakaenda tena. Mama anasema kuna jirani aliyepata jibu siku nyingi baadaye, na jibu lilikuwa jema, lakini zile siku katikati hazikumrudia sawasawa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tungekuwa na maisha matamu zaidi bila intaneti, kwamba tungesalimiana, tungetembeleana, watoto wangecheza, ninakereka. Nakubali kuna ukweli ndani yake. Mezani kwetu jioni kila mtu ameinamia chake, na sipendi. Lakini hilo tunaweza kulirekebisha wenyewe leo usiku kwa kuweka simu kabatini. Mama wa Kome akipoteza bei ya Kirumba hana la kurekebisha. Wanaosifu ukimya wa zamani mara nyingi ni watu ambao habari zingewafikia tu, kwa njia moja au nyingine.

Mengine yangerudi kama yalivyokuwa. Matokeo ya mtihani yangebandikwa ukutani, barua zingepitia S.L.P., matangazo ya vifo yangerudi redioni jioni. Tungezoea.

Baada ya ile Oktoba nilimnunulia shangazi daftari la kurasa nyingi. Wateja wake wengi walikuwa kwenye WhatsApp tu: jina, picha ya mtoto au ya gari, basi. Tumeandika namba ya kila mmoja, namba ya mtu wake wa karibu, mji, na mahali mzigo unaposhushwa. Shangazi ananitajia, mimi naandika kwa herufi kubwa ili aweze kusoma bila miwani. Pia wamekubaliana na mwanamke mmoja wa Tunduma, muuzaji mwenzake, kwamba mtandao ukikata yeye ndiye atakayepokea gunia la mfano na kuwaonyesha wanunuzi wa kule kwa niaba yake. Kwa wateja wa Kahama tumeshamaliza mipango. Wa Kongo ndio kazi: kuwapigia simu ya kawaida kutoka huku ni gharama ambayo faida ya gunia moja haiwezi kuibeba, na kwao hatuna mtu wa kupokea mfano. Kwa hao bado hatujapata njia.